Vidato Kumi na Tatu

Katika ukurasa wa arobaini na moja wa riwaya, mlango ulikuwa wa kijani. Mlango wa nyumba ya Msahihishaji na mdogo wake ulikuwa wa buluu, na rangi ilipobanduka, chini yake palionekana buluu nyingine iliyokolea zaidi. Haukuwahi kuwa wa kijani.

Msahihishaji alicheka peke yake. Mchana aliwinda makosa kiwandani kwa wachapaji. Akirudi nyumbani alisoma riwaya za upelelezi, na hakuna zilizomnogea kama zile za mji wake mwenyewe, ambamo muuaji hupita mbele ya fundi uliyemwachia gauni lako juzi. Hii aliyoinunua kwa muuza vitabu chakavu ilizipita zote. Muuaji asiyeonekana aliingia katika nyumba yao hasa, akapanda ngazi akihesabu vidato kwa sauti ya chini, akitafuta chumba cha msichana. Alifika kumi na tano, akakuta ukuta, akarudi.

"Kumi na tano ya wapi," Msahihishaji akanong'ona, akachukua penseli. Pambizoni akaandika: *Vidato kumi na tatu. Mlango wa buluu. Chumba cha msichana kipo kushoto.*

"Dada, hata nyumbani unasahihisha?" mdogo wake akauliza kutoka chumba hicho cha kushoto, alikokuwa akijisomea mtihani. "Utamsahihisha hadi mchumba, akukimbie."

"Akiwa na makosa, na akimbie."

Kesho yake alasiri ngazi ilinuka nywele zilizoungua. Kisha zikasikika hatua, na sauti kavu: moja, mbili, tatu. Ilikoma kwenye tisa. Msahihishaji alifungua mlango. Hapakuwa na mtu. Siku ya pili ilikoma kwenye kumi na moja. Siku ya tatu ilifika kumi na mbili, na yeye akiwa ameegemea mlango kwa mgongo, kiganja kimeziba mdomo wa mdogo wake, alisikia kitu kikivuta pumzi upande wa pili wa ubao, taratibu, kwa muda mrefu kuliko pafu la mtu linavyoweza kuvuta, kama kinachonusa kujua nani yuko kulia na nani yuko kushoto, mpaka harufu ile ikapenya chini ya mlango na kuwapanda miguuni.

Mwandishi wa riwaya alikuwa bado hai, mzee anayekaa nyuma ya soko. Asubuhi Msahihishaji alimpelekea kitabu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Alifunua kurasa, akaweka kidole juu ya maandishi ya penseli. "Nani kaandika humu?"

"Mimi. Niliona umekosea."

"Sikukosea, mjukuu wangu. Nimezaliwa nyumba hiyo. Huyo si mtu, ni jini. Lilipanda ngazi hiyo likamchukua dada yangu, na likaahidi kurudia kila msichana atakayelala humo. Mganga akasema halifukuziki, ila laweza kupotezwa. Akaniambia niliandikie njia, kisha niikosee. Miaka thelathini linapanda vidato kumi na tano na kugonga ukuta." Akamtazama. "Wewe umelielekeza. Nani analala kushoto?"

"Mdogo wangu."

"Basi futa. Lisibaki neno hata moja."

Alifuta palepale mezani kila neno la penseli yake, mpaka karatasi ikaota manyoya. Alikumbuka kila alichoandika. Hilo hakuwa na shaka nalo.

Aliporudi, ngazi ilinuka vumbi tu. Alihesabu vidato akipanda, kumi na tatu, akaingia chumba cha kushoto. Mdogo wake alikuwa amejilaza kitandani na daftari lake.

"Kile kitabu umekipeleka wapi? Nilikimaliza jana ulipokuwa kazini. Kitamu kweli. Ila kuna kosa lilikupita, mtaalamu."

"Kosa gani?"

"Ukurasa wa mwisho. Eti kitanda cha msichana kipo nyuma ya mlango. Nikakurekebishia: kipo chini ya dirisha."

"Kwa penseli?"

"Penseli sina. Kwa kalamu yangu ya wino."

Msahihishaji alinyoosha mkono amvute, na harufu ikawa imeshaingia. Haikutoka mlangoni. Nje ya dirisha, ghorofani, mahali pasipo na pa kukanyaga, pazia lilivutwa kidogo kuelekea nje, na sauti ile kavu, ambayo sasa haikuhesabu tena, ikasoma polepole:

"Kipo chini ya dirisha."