Karatasi ya Themanini na Tano

Bi Gundi alihesabu mara ya tatu, safari hii akigeuza kila karatasi taratibu kwa kijiti chake cha mfupa. Jibu likawa lile lile. Themanini na tano. Jana jioni zilikuwa themanini na nne.

Hakuwa mtu wa kukosea hesabu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akirekebisha miswada ya kale katika hifadhi ya maktaba ile, akiziba matundu ya wadudu kwa karatasi nyembamba na gundi ya wanga aliyoipika mwenyewe. Ndiyo maana wenzake wakambandika jina hilo. Muswada uliokuwa mezani ulikuwa risala ya tiba ya macho, iliyoandikwa kwa mkono na mnakili asiyejulikana, kwa wino uliokwisha kugeuka rangi ya kutu. Lakini karatasi ya mwisho ilikuwa na wino mweusi tii. Akaigusa pembeni. Kidole kikatoka na doa, na harufu ikampanda puani, harufu ya nywele zilizoungua.

Chumba kile kilikuwa na funguo tatu: wake, wa mkuu wa hifadhi, na wa Lenzi, mpiga picha wa nyaraka, bingwa wa mizaha. Bi Gundi hakujiuliza mara mbili. Akaenda chumba cha pili.

"Kaka, utani una mipaka yake."

"Utani gani tena, dada? Hata chai sijanywa."

Alipoonyeshwa, Lenzi hakucheka. Aliinama, akanusa, akasimama wima. "Mimi mwandiko wangu kama kuku kaparura jaani. Nitaweza hii?" Kisha macho yake yakashuka polepole hadi mikononi mwa Bi Gundi. "Humu ndani mwenye karatasi za zamani, wino na mkono mtulivu ni nani?"

Tangu hapo wakawa wanatazamana kwa pembe za macho.

Mkuu wa hifadhi, mwanamke asiyepoteza maneno, aliwasikiliza wote wawili akiwa amesimama mlangoni. "Baada ya siku tatu wakaguzi wanakuja," alisema. "Huo muswada ukizidi tena hata nukta, mmoja wenu atatoka humu na polisi. Sijui yupi. Nyie mnajua."

Siku ya pili Bi Gundi aliutia muswada kwenye sanduku lake, akalifunga kwa utepe, akatia sahihi juu ya fundo. Lenzi naye akatega kamera mbele ya meza, ipige picha kila dakika. Saa saba mchana wakafunga mlango wakaenda kula pamoja, meza moja, kila mmoja akimlinda mwenzake. Walikula kama watu wanaocheza karata na kila mmoja anajua mwenzake anaiba.

Waliporudi, utepe ulikuwa mzima na sahihi yake iko pale pale. Karatasi zilikuwa themanini na sita.

Lenzi akazifungua picha. Ya kwanza, meza tupu. Ya pili, meza tupu. Ya tatu, mwanamke ameketi, kaipa kamera mgongo, kavaa koti jeupe la kazi na mtandio wa zambarau, anaandika kwa mkono wa kushoto. Ya tisa, amegeuka. Alikuwa Bi Gundi, macho yamefumba, anatabasamu.

Lenzi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati. "Saa saba na dakika tisa ulikuwa mbele yangu, unamenya ndizi."

"Nilikuwa mbele yako."

"Basi huyu ni nani?" Sauti ikashuka ikawa mnong'ono. "Au mimi nimekula na nani?"

Kazi ya Bi Gundi ilikuwa karatasi, si maneno. Herufi zile za kale hakujua kuzisoma. Aliyezijua alikuwa mmoja tu, mzee mstaafu waliyemwita Mzee Faharasa, kwa kuwa ndiye aliyeiorodhesha miswada yote ya hifadhi. Alikaa mtaa wa nyuma ya maktaba. Wakachukua picha za karatasi mbili zile mpya, wakamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona mmekuja kama mnaofukuzwa?"

Alivaa miwani, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Karatasi ya kwanza ilisema: *Mgonjwa ni mwanamke mtu mzima, mjane. Macho yake yamefunikwa na utando kama maziwa. Huketi kiti cha kamba karibu na dirisha. Ana binti mmoja, na binti hushinda kazini.* Karatasi ya pili ilikuwa fupi. *Mgonjwa ameridhia. Tumeanza na jicho la kulia.*

"Ni mama yangu," Bi Gundi alisema. "Mzee, huyo ni mama yangu."

"Subiri, usikimbie bila kujua unakimbilia nini." Mzee alivua miwani. "Risala hii haina tamati. Niliiandika hivyo kwenye orodha mwenyewe. Mnakili alikufa kalamu mkononi. Na wanakili wa enzi zile, wengine walikuwa na wasaidizi wasioonekana, wa kushika taa, wa kusaga wino. Mwenye kazi akifa ghafla, msaidizi hajui kama kazi imekwisha. Niambie kweli, umebandua nini?"

Bi Gundi akainamisha kichwa. Wiki iliyopita alikuta karatasi mbili za mwisho zimegandana, pembeni pana nta. Alizibandua kwa mvuke. "Nilidhani ni unyevu tu."

"Haukuwa unyevu. Nta ile ndiyo iliyomfungia humo. Sasa kaazima sura yako, na ni mkono wako utakaomwambia kazi imekwisha. Andika tamati mbele yake, akiona. Na akikuuliza wewe ni nani, usijitaje, maana atalichukua na jina."

Alikimbia hadi nyumbani. Mama yake alikuwa kitini pake, ameelekea dirishani.

"Umerudi tena, mwanangu? Umesahau nini?"

"Mama, ndiyo kwanza nafika."

Mama akauliza taratibu, "Basi aliyenitia dawa mchana ni nani?"

Akageuza uso. Jicho la kushoto lilikuwa lile lile, jeupe kama kila siku. La kulia lilikuwa jeusi, safi, linang'aa kama la mtoto wa miaka mitatu.

"Sauti ilikuwa yako. Nikamwambia mkono wako leo una baridi, akasema ametoka kunawa. Kesho anamalizia la pili. Kasema nisikuambie, utaona wivu." Mama akainyoosha mikono. "Na wewe nitajuaje kama ni wewe? Yule alipoinama usoni kwangu sikumsikia akivuta pumzi. Hebu niletee mdomo wako hapa."

Bi Gundi akapiga magoti, akapumua katika kiganja cha mama yake mpaka mama akalia.

Kesho yake alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aliutoa muswada nje ya hifadhi. Lenzi alisimama mlangoni na mfuko wa kamera, akaupokea, akautia ndani. "Bado sijui nakuamini au la," alisema. "Lakini mkuu akiuliza, mimi ndiye niliyeuchukua. Twende."

Saa saba mchana, jua limewaka, mtaa mzima una kelele za watu na redio, mama, aliyeambiwa tu kwamba binti yake ataandika, alikuwa kitini, na Bi Gundi, Lenzi na Mzee Faharasa walikuwa nyuma ya pazia la chumba cha pili. Kwanza redio za majirani zikawa kama zimewekwa mbali, halafu mbali zaidi, kisha hazipo. Mlango haukufunguliwa, komeo halikusogea, ila harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumba, na kwenye sakafu kukasikika mkwaruzo wa kalamu ya unyasi, kwaru, kwaru, ukitoka mlangoni ukienda kitini kama vile kila hatua ilikuwa neno linaloandikwa, na Bi Gundi alipochungulia alijiona mwenyewe, koti lake, mtandio wake, kovu lake la kisu kwenye kidole gumba, ameinama juu ya mama yake na bakuli mkononi, macho yamefumba, anasema kwa sauti yake yeye, "Mama, leta la pili."

Bi Gundi akatoka. Akaketi sakafuni mbele yao, akaufungua muswada mapajani.

Yule mwingine akageuza uso. "Mama, huyu ni nani?" Sauti ilikuwa ya kuumizwa, ya mtoto aliyeonewa. "Amekuja na sura yangu. Mwulize jina lake."

Mama akatazama kwa jicho lake jipya, akaona mabinti wawili. "Sema, mwanangu. Jitaje nikujue."

Bi Gundi alikaza meno. Alitamani kulitamka jina lake kuliko kitu chochote duniani, amwondolee mama yake hofu ile, na aliona mkono wa yule mwingine ukianza kuinua bakuli, na mama akisitasita kati yao, akigeukia huku, akigeukia kule, hadi mwishowe mama akanyoosha viganja vyote viwili, kimoja kwa kila mdomo, akangoja.

"Andika," akamwambia aliyekuwa na pumzi.

Bi Gundi akaandika, kwenye karatasi tupu aliyoiongeza mwisho, maneno aliyofundishwa na mzee usiku kucha, herufi kwa herufi. *Tamati. Kazi imekwisha. Mnakili amekufa. Nawe umeruhusiwa kwenda.*

Yule mwingine aliinama akasoma, macho yakiwa bado yamefumba. Sura ya Bi Gundi ikaanza kumlegea usoni kama karatasi iliyolowa. "Amekufa?" aliuliza, na sasa sauti haikuwa ya mtu yeyote. "Miaka yote hii. Mbona hakuna aliyeniambia?"

Bakuli likaanguka. Redio zikarudi.

Muswada ulirudishwa sandukuni kabla wakaguzi hawajafika. Mzee Faharasa aliketi nao siku nzima, akawaeleza kwamba karatasi tatu za mwisho ni za mkono mwingine, jambo ambalo lilikuwa kweli, nao wakaandika hivyo wakaenda zao. Mkuu alibadilisha kitasa.

Hospitali, daktari wa macho alimpima mama akasema jicho la kulia halina ila, hajapata kuona jicho zuri kama lile kwa mtu wa umri ule. Siku hiyo hiyo mama akalifunga kwa kitambaa, na hakukifungua wiki nzima.

"Mama, si linaona?" Bi Gundi alimuuliza jioni moja alipotoka kazini, koti bado mwilini.

"Linaona, mwanangu. Ndiyo taabu yenyewe." Mama akakiinua kitambaa kidogo, akatazama nyuma ya bega la binti yake, akakishusha upesi. Akamshika mkono, akaukaza. "Yule kaenda kweli. Lakini usigeuke sasa hivi. Wenzake wamekufuata kutoka kazini, wamejaa mpaka mlangoni, na kila mmoja ana kalamu. Wanauliza kama na mabwana zao wamekufa."