Mtambo wa Mvuke wa Darasa la Sita

Kila asubuhi, baada ya kumwagilia mchicha wa shule, Ponsian na Adventina, wanafunzi wa darasa la sita, waliingia karakana kulitumikia taifa. Mwaka huo, 1984, kila darasa la shule yao, jirani na Butimba, lilitakiwa kutengeneza kitu kwa moyo wa kujitegemea. Washindi wangekwenda maonyesho ya Saba Saba mjini Mwanza. Darasa la saba lilijenga banda la sungura. Darasa la sita lilichagua jambo zito zaidi: mtambo wa umeme wa mvuke wa ardhini, kama ule wa Olkaria, Kenya.

Mwalimu Teodora aliwaeleza kwamba kule huchimbwa visima virefu mpaka kwenye joto kali. Mvuke hupanda, hupita kwenye mabomba, hutenganishwa na maji, kisha huzungusha mtambo wa umeme. Basi wakaweka kopo la maji lenye tundu juu ya jiko la mkaa, wakalizungushia vilima vya udongo. Mvuke ulizungusha gurudumu la bati vizuri kabisa. Lakini walipolifunga kwenye dainamo ya baiskeli ili liwashe taa, gurudumu lilitikisika kidogo, likasimama kama mzee anayetafakari.

Adventina alitaka waseme wazi kwamba taa haijawaka. Ponsian alikwenda nyumbani akachomoa betri za redio ya baba yake. Siku hizo betri zilikuwa adimu kama sukari, ila yeye aliona nchi inahitaji umeme kuliko taarifa ya habari. Akazifukia kwenye kilima, akaziunganisha na taa, akailegeza dainamo ili gurudumu lizunguke bila mzigo. Adventina hakuambiwa.

Siku ya mashindano gurudumu lilizunguka, taa ikawaka, wageni wakapiga makofi. Ndugu Kamugisha, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikuwa akitangaza washindi pale mama Paskazia, mpishi, alipokuja kuchukua jiko lake waliloazima akachemshe chai ya wageni.

Gurudumu likasimama. Taa ikaendelea kuwaka.

Ngosha wa darasa la saba, mlezi wa sungura, akauliza kwa upole, "Sasa taa inatumia mvuke wa chai?"

Mwalimu Teodora akamgeukia Adventina, kwa kuwa nyaya zilikuwa kazi yake. Adventina akasema kwamba labda alikosea mahali. Nyuma watu wakaanza kunong'ona kuwa msichana yule ni laghai. Ponsian akaona akinyamaza kidogo tu, jina hilo litamganda mwenzake. Akatumbukiza mkono kwenye kilima, akazitoa betri.

"Nilizifukia mimi, Mwalimu. Adventina hakujua."

Sungura wakaenda Saba Saba. Baba yake Ponsian akazianika betri juani zipate nguvu tena, akakaa kando ya redio akisubiri, jambo lililouma kuliko kiboko. Kwa wiki kadhaa Adventina hakumsemesha Ponsian ila kumwagiza mkaa. Wakakata gurudumu jipya, kubwa na jepesi, wakaongeza kopo la pili. Siku moja taa ikatoa wekundu hafifu. Adventina akaondoa jiko, taa ikazimika, na darasa zima likashangilia.

Mwalimu Teodora akawaambia, "Visima vya kwanza kabisa pale Olkaria havikutoa mvuke wa kutosha. Wachimbaji walikubali kwamba wameshindwa, na miaka mingi baadaye kazi ikaanza tena, mpaka umeme ukapatikana. Kosa likionekana, watu hulirekebisha. Ukilifukia, Ponsian, atakayejikwaa ni mwenzako."