Mpangaji wa Chumbani kwa Mama

Mwokaji mikate wa mtaa huu ana ulimi anaojivunia. Akionja unga uliokandwa, anajua chumvi imepungua kiasi gani. Akionja mchuzi wa mkewe anajua pia, lakini hapo hunyamaza, maana anapenda amani nyumbani kwake.

Asubuhi huoka. Mchana hurudi na mkate wa moto kwapani, nywele zimejaa unga. Habadilishi nguo kwanza. Huenda moja kwa moja chumbani kwa mama yake.

Mama huyo alivunjika nyonga mwaka uliopita. Zamani hakuwa mtu wa kukaa kitako. Sokoni yumo, kwa wagonjwa yumo, harusini yumo. Sasa hutembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha dirishani, na safari inaishia hapo. Mkwe wake, mke wa mwokaji, ambaye ni mshonaji, alihamishia cherehani yake chumbani humo ili wapige soga. Hata hivyo mama alianza kunyong'onyea. Maneno yalipungua, na chakula kikawa kinarudi jikoni nusu.

Jambo hilo lilimkosesha mwokaji raha. Siku moja alirudi na tangi dogo la kioo, mfuko wa chumvi ya samaki wa baharini, na samaki mmoja. Alikuwa mdogo, wa buluu, mwenye mkia wa njano. Muuza samaki alimwambia kwamba kazi ni nyepesi. Changanya maji na chumvi, mtie samaki, kaa utazame.

"Na huyu ni nani?" mama aliuliza.

"Mgeni wako, mama."

Samaki alizunguka tangi zima, kona kwa kona, kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kuhamia. Mama alimtazama, kisha akatikisa kichwa.

"Huyu si mgeni," alisema. "Huyu ni mpangaji. Tena wa wale wakorofi."

Jina likamganda. Kila asubuhi mama aliuliza kama Mpangaji ameamka salama. Alimsimulia mkwe wake visa vya Mpangaji, naye mkwe alicheka hadi sindano ikaenda kombo. Sahani zikaanza kurudi jikoni tupu. Mwokaji alijiona ameshinda.

Ushindi huo ulidumu wiki sita. Mchana mmoja alimkuta Mpangaji anaelea ubavu, amekufa. Mama alikuwa amelala usingizi wake wa mchana. Mwokaji alimtoa samaki taratibu, akamfunga katika karatasi ya mkate, akapanda baiskeli. Alirudi na samaki mwingine wa buluu, mkia wa njano, kabla mama hajaamka.

Mama alipofumbua macho alilitazama tangi kwa muda.

"Ni yule yule?" aliuliza.

"Ni yule yule, mama."

"Haya," alisema mama.

Jikoni, mkewe alimwambia kwamba uongo wa namna hiyo utamtia aibu. Mwokaji alimuuliza kama yeye angeweza kumwambia mama ukweli. Mshonaji aliendelea kuosha vikombe. Naye alimpenda mama mkwe wake.

Samaki wa pili naye akafa. Akaja wa tatu, akaja wa nne. Kila mara mama alikuwa amelala. Kila mara aliuliza, "Ni yule yule?" na kila mara alipata jibu lile lile. Muuza samaki alimzoea mwokaji kiasi kwamba akiiona baiskeli kwenye kona, alishaanza kujaza maji kwenye mfuko wa plastiki.

Msidhani mwokaji alikuwa mzembe. Aliona maji ya tangi yanapungua kila siku, kwa sababu chumba kilikuwa na joto. Kwa hiyo kila siku alichanganya maji na chumvi katika jagi, akayaonja kama anavyoonja unga wake, akaongeza. Kipimo chake kilikuwa ulimi, na ulimi huo haukuwahi kumharibia mkate.

Samaki wa tano alifika. Siku ya sita mambo yaliharibika, na safari hii mama alikuwa macho. Samaki alipanda juu ya maji, akawa anahema kwa shida. Chakula hakukigusa.

"Mpangaji anaumwa," mama alisema. "Mwiteni mtu."

Mshonaji aliacha gauni la watu kwenye cherehani, akakimbilia kwa jirani. Jirani huyo ni mwanamke anayefanya kazi mamlaka ya maji. Kazi yake ni kupima maji ya bomba kama ni salama. Mtaa mzima humwita Dada Vipimo. Alikuja na mkoba wake wa kazi, akamwamkia mama shikamoo, akainama mbele ya tangi.

"Mnaye tangu lini?" aliuliza.

Mwokaji alijikuna sikio. Alimuuliza kwa nini anataka kujua.

"Kama amekaa hapa tangu tangi lije, miezi minane, nitaanza na sababu moja," alisema Dada Vipimo. "Kama amekuja juzi, nitaanza na nyingine. Nikikosea, kaka yangu, huyu hafiki jioni."

Mwokaji alimtazama samaki. Akamtazama mama yake.

"Ana siku sita," alisema mama.

Mkewe mwokaji alisimama mlangoni bila kupepesa macho.

"Wa kwanza alikuwa analala nyuma ya jiwe," mama aliendelea. "Wa pili alikuwa na pengo mkiani. Wa tatu aliogopa kijiko cha chakula. Wa nne, maskini, hakuzoea kabisa. Huyu ni wa tano. Anapenda kuja upande wangu."

"Mama, ulijua?"

"Mwanangu, mimi nimevunjika nyonga. Macho yangu ni mazima."

Mwokaji aliketi ukingoni mwa kitanda. Alimuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa unaniambia ni yule yule huku jasho linakutoka," mama alisema. "Nikaona nikikuumbua nitakuvunja moyo. Nimekosea. Wewe unanificha nisiumie, mimi nakuficha usiumie, na wanaokufa ni samaki."

Machozi yalimtoka mwokaji, yakachora mistari kwenye unga wa mashavuni. Alisema hakutaka mama ahuzunike tena. Mama alimshika mkono. "Najua, baba," alisema. Kisha akamgeukia jirani. "Haya, binti yangu. Sasa unajua. Msaidie."

Dada Vipimo alitoa chupa nyembamba inayoelea, yenye mistari ubavuni. Aliitumbukiza ndani ya tangi. Ikapanda juu kupita mstari wa chumvi ya bahari: chumvi ilikuwa imezidi.

Aliuliza wanaongeza maji ya namna gani. Mwokaji alimweleza habari ya jagi na ulimi wake. Dada Vipimo alijitahidi asicheke, akashindwa kidogo.

"Sikiliza, kaka. Joto linapokausha maji, maji ndiyo yanayoondoka. Chumvi inabaki. Wewe kila siku umeongeza chumvi juu ya chumvi. Kinachopungua ni maji tu, basi rudisha maji yasiyo na chumvi, yaliyotolewa dawa ya bomba. Na ulimi uache kwenye mkate."

Waliteka kikombe kimoja cha maji ya tangi, wakamwaga, wakarudisha kikombe cha maji yasiyo na chumvi. Mwokaji alitaka wabadilishe ndoo nzima ili samaki apone haraka. Dada Vipimo alimzuia. Mabadiliko ya ghafla nayo yanaua, alisema. Wangefanya kidogo kidogo, siku tatu.

Walipokuwa wakisubiri, mama aliuliza samaki hawa wanatoka wapi. Dada Vipimo alijua jibu. Kabla ya kazi ya maji aliwahi kufanya kazi katika ghala la kusafirishia samaki wa mapambo.

"Wengi wanavuliwa kwenye miamba ya baharini, mama," alisema. "Wavuvi wengine hutumia nyavu, wanachagua kwa uangalifu. Wengine hupuliza sumu ili samaki walewe washikike. Sumu hiyo inaua na vingine vilivyo karibu. Mimi nilikuwa nawatia kwenye mifuko ya maji. Wengine walikufa mikononi mwangu kabla hawajasafiri. Kila mmoja anayefika dukani, ujue wapo ambao hawakufika."

"Na akifa hapa, wanaenda kumvua mwingine," alisema mshonaji.

"Ndiyo. Nasi tulipeleka oda mara tano," alisema mwokaji.

Mama alitaka samaki arudishwe baharini. Dada Vipimo alimweleza kwamba hiyo nayo ni hatari. Hawajui alitoka bahari gani, na anaweza kupeleka ugonjwa kwa wenzake. Akishaingia nyumbani, deni lao kwake ni kumtunza vizuri hadi mwisho wa maisha yake. Anaweza kuishi miaka. Na anayetaka samaki wa maji ya chumvi, alisema, ajifunze kwanza. Aandae tangi kubwa wiki kadhaa kabla, na aulize kama samaki amezaliwa kwa wafugaji au amevuliwa. Muuzaji asiyejua jibu, muage kwa heshima uende zako.

Siku ya tatu Mpangaji alishuka chini, akala. Mshonaji alipiga kigelegele, mama akamwambia asimtishe mgonjwa.

Mwenzake Dada Vipimo kazini alikuwa na tangi kubwa lisilotumika. Walilisafisha, wakahamishia humo jiwe na sifongo la kuchujia maji kutoka tangi la zamani, maana ndimo vinamoishi vijidudu vinavyosafisha uchafu wa samaki. Mama alikabidhiwa chupa ya kupimia na daftari. Kila asubuhi husimama kwa fimbo, husoma mstari, huandika. Mwanawe akisogeza jagi karibu na tangi, huulizwa kwanza lina nini ndani.

Miezi kumi ikapita. Muuza samaki alikwenda dukani kwa mwokaji kununua mkate. Alimwambia ameleta samaki wapya wa buluu, wazuri kuliko wale. Mwokaji alimuuliza wamezaliwa kwa mfugaji au wamevuliwa, na kwa njia gani. Muuza samaki alisema hajawahi kuulizwa swali hilo. Mwokaji alimfungia mkate wake vizuri, akamuaga kwa heshima.

Mchana huo alikaa chumbani kama kawaida, nywele zimejaa unga. Mama aliamka usingizini. Alitazama tangi, akamtazama mwanawe, jicho limejaa utani.

"Ni yule yule?" aliuliza.

Samaki alikuwa ameshakuja upande wake wa kioo.

"Ni yule yule, mama," alisema mwokaji. Safari hii jasho halikumtoka.