Namba Iliyoliwa na Kutu

Jumanne, Alhamisi na Jumamosi zilikuwa siku za Babu Hilario. Figo zake zilikuwa zimechoka, na mara tatu kwa wiki ilimbidi afike hospitalini Manzanillo, alazwe kando ya mashine ya kusafisha damu kwa saa nne. Siku hizo mjukuu wake Danelis, msichana wa miaka kumi na miwili, aliamka mapema kuliko siku nyingine. Alichemsha viazi vitamu, akakunja blanketi la babu, kisha akampimia maji ya kunywa kwenye kikombe kidogo cha kahawa, kwa kuwa daktari hakuruhusu zaidi ya hapo. Mama yake, Maricel, alikuwa nje akihangaika kuwasha gari.

Lilikuwa Moskvich la mwaka wa sabini na nane. Baba yake Danelis aliwaachia alipokwenda Uruguay kutafuta kazi. Zamani kulikuwa na basi dogo lililowachukua wagonjwa kutoka mji wao wa Yara, lakini tangu Februari lilikuwa limewekwa juu ya matofali likisubiri vipuri, na hakuna aliyeuliza tena vingefika lini.

Kwa wiki nzima gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa likivuma. Mwanzoni sauti ilikuwa ndogo, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Alhamisi, wakirudi kutoka hospitalini, mvumo uligeuka kuwa mlio mkali. Gari likavutwa upande mmoja, harufu ya grisi iliyoungua ikaingia ndani, na hatua mia mbili kutoka nyumbani likakataa kabisa. Majirani waliwasaidia kulisukuma mpaka uani.

Fundi wao alikuwa Reinerio, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alichonga vyuma katika kiwanda cha sukari mpaka kilipofungwa. Miwani yake ilikuwa imevunjika tangu mwaka uliopita na hakupata vioo vingine, kwa hiyo sasa alifanya kazi kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Alipiga jeki, akafungua gurudumu, akaingiza mkono. Grisi nyeusi ikatoka pamoja na vibiringo vya chuma vilivyosagika.

"Beringi imekufa, Maricel."

"Imekufa au inaumwa?"

"Ilikufa zamani. Mlikuwa mnatembea na maiti."

Ringi ya ndani ya beringi ilikuwa imeng'ang'ania ekseli, ule mhimili wa gurudumu. Reinerio aliipiga kwa patasi ikavunjika vipande vitatu. Ringi ya nje aliitoa nzima kutoka kwenye kitovu cha gurudumu, akaipangusa kwa tambara na kumpa Danelis.

"Mwanangu, wewe una macho ya mwewe. Nisomee namba. Bila namba hatujui tutafute nini."

Danelis aliipokea. Wakati huohuo feni ikaanza kuzunguka ndani ya nyumba. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na ukirudi haukukaa. Simu ingepata chaji, na baba angeweza kupiga. Aliitazama ringi haraka haraka. Aliona saba, kisha doa la kutu, kisha sifuri, kisha doa jingine. Chini ya kutu kulikuwa na kitu kinachofanana na mbili, na mwishoni kitu kinachofanana na tano.

"Saba, mbili, sifuri, tano."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika, mjomba."

Reinerio akaandika namba hiyo kwa mkaa juu ya kipande cha boksi. Danelis alikuwa ameshakimbilia ndani. Baba alipiga kweli. Alisema huko ni baridi na kazi ni ya kubahatisha, na kabla hajamaliza mtandao ukakatika.

Ijumaa Maricel alifunga cherehani yake kwa shuka, akapanda nayo lori la abiria kwenda Bayamo. Cherehani hiyo ndiyo iliyowalisha. Alishonea nusu ya mtaa sare za shule, akageuza mapazia kuwa nguo za Jumapili. Lakini mtu mwenye beringi, aliyeitwa Wilfredo, hakutaka kitu kingine. Jioni Maricel alirudi mikono mitupu, isipokuwa kifurushi cha gazeti chenye beringi mpya iliyong'aa kwa mafuta.

Jumamosi kulipopambazuka Reinerio alianza kuifunga. Ringi ya nje iliingia mahali pake vizuri kabisa. Kisha akavisha ringi ya ndani kwenye ekseli, na ikayumba kama pete ya mtu mzima kwenye kidole cha mtoto. Reinerio alipapasa, akapapasa tena.

"Ya nje imekaa sawasawa, kwa hiyo beringi ndiyo yenyewe," alisema taratibu. "Basi ni ekseli. Ile ringi iliyovunjika imekuwa ikizunguka juu yake na kuila."

"Au Wilfredo kanipa takataka," Maricel alisema. "Yule mwizi. Kachukua cherehani yangu kanipa takataka."

Danelis alikuwa ameshika taa. Alikumbuka yale madoa ya kutu. Huenda kweli ni ekseli, alijiambia. Mjomba Reinerio anajua kuliko mimi.

Babu hakuweza kungoja. Walimpakia kwenye gari la farasi, akaenda nalo kilomita zaidi ya ishirini chini ya mvua nyepesi, Maricel akimshikia mwavuli. Walifika wamechelewa sana. Wagonjwa wengine nao walikuwa na zamu zao, hivyo babu alipata saa mbili tu badala ya nne. Jumapili asubuhi walipata nafasi ya kurudi kwenye lori lililobeba magunia. Uso wa babu ulikuwa umevimba na kandambili hazikuingia miguuni. Danelis alipompa kikombe chake cha maji, babu alikitazama tu, akamrudishia.

"Nipe baadaye, mjukuu wangu. Mwili umejaa."

Mchana huo Danelis alimkuta Reinerio uani na mkasi wa bati, akikata ukanda kutoka kopo la maziwa.

"Unatengeneza nini, mjomba?"

"Ganda la kujaza lile pengo. Nitalizungusha kwenye ekseli, beringi ikae juu yake."

"Litashika?"

"Mama yako akienda polepole, labda litafika Manzanillo."

"Na lisipofika?"

Reinerio hakuacha kukata. "Gurudumu litatoka. Ndiyo maana nasema polepole. Hatuna kingine, mwanangu."

Danelis aligeuka akamtazama babu, aliyekuwa amekaa mlangoni na miguu juu ya kigoda. Alimwona ndani ya gari hilo barabarani, na malori yakija mbele.

"Mjomba, usiliweke. Ekseli haijaliwa."

"Umejuaje?"

"Mimi sikuisoma namba. Niliona saba na sifuri tu. Zile nyingine zilikuwa na kutu. Nilikisia."

Mkasi ukanyamaza. "Nilikuuliza kama una uhakika."

"Uliniuliza. Umeme ulikuwa umerudi, nikataka kuwahi simu ya baba."

Maricel alikuwa amesimama nyuma yao na ndoo ya nguo. Danelis alingoja apigwe, au hata atukanwe. Mama aliweka ndoo chini, akakaa juu ya tairi kuukuu.

"Cherehani yangu, Danelis," alisema. Danelis aliona heri angepigwa.

Reinerio alikwenda kuokota ringi ya zamani kutoka kwenye boksi la vyuma chakavu. Akailoweka ndani ya mafuta ya taa, akaisugua kwa mchanga laini, kisha akamwomba Maricel chaki yake ya kuchorea vitambaa. Alipaka chaki juu ya chuma na kupangusa, na weupe ukabaki ndani ya michoro ya namba.

"Soma."

Danelis aliigeuzia juani. Safari hii hakuharakisha. "Ya kwanza ni saba. Ya pili ni tatu, siyo mbili. Sifuri. Ya mwisho sioni vizuri, mjomba. Naona kama nne, lakini sina uhakika."

"Mpe mama yako."

Maricel alisoma nne. Babu naye akaletewa, akaisogeza karibu na macho kwa muda mrefu, akasema nne. Reinerio akashusha pumzi.

"Beringi za namba hizi mbili kwa nje ziko sawa kabisa, zinatofautiana tundu la ndani. Ndiyo maana ringi ya nje iliingia. Na mimi ningepaswa kupima ekseli kwa uzi kabla ya kusingizia imeliwa. Hili si lako peke yako."

Jumatatu Danelis hakwenda shule. Alipanda lori na mama yake mpaka Bayamo, nyumbani kwa Wilfredo, mtu mfupi aliyepanga beringi zake ndani ya makopo.

"Nilikupa namba uliyoniandikia, mama," Wilfredo alisema kabla hawajasalimiana vizuri. Ilionekana abiria wa lori walikuwa wamekwisha kumfikishia kwamba Maricel alimwita mwizi.

Maricel alimsukuma binti yake mbele kidogo. "Sema wewe."

"Ni kweli, ulitupa tulichoomba," Danelis alisema. "Mimi ndiye niliyesema namba ambayo sikuiona. Tunaomba utubadilishie."

Wilfredo alikuna shingo. Namba waliyoitaka hakuwa nayo mpya. Alikuwa na tatu zilizotolewa kwenye magari yaliyokufa. Akamwekea Danelis zote mezani, akamwambia azizungushe moja moja karibu na sikio. Ya kwanza ilikwaruza. Ya pili ilizunguka kimya, lakini vibiringo vyake vilikuwa vya bluu, dalili kwamba ilishawahi kuungua. Ya tatu ilikuwa na mkwaruzo mmoja mdogo uliosikika kwa shida.

"Chukua hiyo ya tatu," alisema Wilfredo. "Ukiilisha grisi vizuri itakupa miezi minne. Ikikupenda, sita."

"Na cherehani?" Maricel aliuliza.

"Imeondoka Jumamosi, mama. Kaichukua mwanamke wa Holguín."

Maricel aliitikia kwa kichwa, kana kwamba ndivyo alivyotarajia.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Reinerio aliosha beringi kwa mafuta ya taa, akamwonyesha Danelis jinsi ya kusukuma grisi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Walifunga ringi, wakakaza nati, wakailegeza kidogo, wakatia pini. Reinerio akalizungusha gurudumu kwa mkono. Lilizunguka bila kuyumba, na kwa mbali mkwaruzo mdogo ulisikika.

Jumanne babu aliwahi zamu yake. Mashine ilipoanza, Maricel na Danelis walikaa kwenye benchi la ukumbini. Maricel alitoa sindano, uzi na shati la mteja, akaanza kushona kwa mkono. Pindo lililokuwa kazi ya dakika mbili lilimchukua karibu saa nzima.

"Mama, umenikasirikia?"

"Nimekasirika." Alikata uzi kwa meno. "Lakini siyo kwa sababu hukuona. Reinerio haoni na hakuna anayemlaumu. Wewe ulisema una uhakika. Mtu akisema ana uhakika, wenzake huacha kutazama. Mimi niliacha kutazama, nikabeba cherehani. Reinerio aliacha, akaanza kukata bati. Ungesema 'sioni,' tungesoma watatu hapohapo uani."

"Niliogopa kuonekana sijui."

"Kutojua si aibu. Tungekuwa tumesafisha tu, tukasoma tena. Juzi ulisema ukweli wakati hakuna aliyekushuku, na leo babu yako yuko humo ndani. Hilo nalo nimeliona. Halitanirudishia cherehani, lakini nimeliona."

Danelis alitazama mlango wa chumba cha mashine. Kupitia kioo aliona mkono wa babu, bado umevimba, na mrija wenye damu ukipita juu yake.

"Ile beringi ikifa baada ya miezi minne, tutafanyaje?"

Maricel alitunga uzi mwingine kwenye sindano.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Shika upande huo wa kitambaa, uninyooshee."

Danelis akashika.