Matoke ya Kutafuniwa

Rili ya uzi wa hariri, rangi ya damu ya mzee, ilikuwa ya mwisho dukani pale sokoni Kikuubo. Nambooze alikuwa ameshaishika, ndipo mkono wa mwanamume ukaidaka upande wa pili. Huku wapagazi wakipiga mayowe na kuwasukuma, hakuna aliyeachia.

"Dada, niachie. Natarizi kola za kanzu."

"Nimekutangulia."

"Unashonea nini?"

"Mkoba umefumuka."

"Uzi wa bwana harusi unashonea mkoba? Lete nikushonee bure, uzi nibakize mimi!"

Alikuwa mwembamba, shati limenyooshwa pasi, vidole vimejaa alama za sindano. Ndiye Kiggundu. Mkoba alioushona ulifumuka tena wiki iliyofuata, na Nambooze alijua fika kwamba fundi yule hakosei.

Mwaka haukwisha, siku ya Kiggundu kujitambulisha ukweni ikapangwa. Nakitto, shangazi wa Nambooze na mshika posa, akachagua hata gomesi ya kijani, vazi la mpwa wake la siku hiyo. Mara Kiggundu akaanza kuvaa sweta la kuziba shingo katika joto lote lile. Chai akawa anakunywa kwenye kikombe chake peke yake, na akibusiwa anageuza shavu. Kisha akapiga simu.

"Mpenzi, siku ile tuisogeze."

"Hadi lini?"

"Usiniulize."

"Kuna mwingine?"

"Ukitaka, fikiria hivyo." Akakata.

"Nilisema mimi!" Shangazi aliwaka. "Mwanaume wa kutarizi ana vidole vingi!"

Miezi miwili gomesi ikaning'inia ndani ya nailoni. Saa saba mchana, saa aliyozoea kupigiwa, Nambooze aliiweka simu karibu na sahani akala akiitazama. Haikulia. Usiseme alizoea; hakuzoea hata kidogo.

Kazi yake ilikuwa maabara. Hospitali zote za jirani zilileta kwake vipande vya uvimbe wa mitoki, zile tezi za shingoni na kwapani, kwa kuwa rangi ya kuonyesha virusi ilikuwa kwake tu. Juu ya vioo vya vipande hivyo hukaa namba, majina hubaki kwenye fomu. Asubuhi moja aliinamia hadubini akaona chembe za saratani zimeshika rangi: virusi vimo. Chembe za kinga zilikuwa zimezizunguka tele, lakini kama walinzi waliofika kwenye wizi wakasimama tu, wamepumbazwa. Akazihesabu. Akavuta fomu aandike.

Kiggundu, fundi wa kanzu. Shingo, kushoto.

Akahesabu upya, mara mbili, maana hata angekuwa mtu baki alistahili hesabu sahihi. Siri ya mgonjwa haina mchumba, kwa hiyo alisubiri siku ya daktari kumpa Kiggundu majibu ipite. Ilipopita tu, akaenda kibandani kwa fundi wake.

"Nambooze, kaa huko huko!" Kiggundu aliruka kutoka cherehani. "Nina saratani ya mitoki. Hata kabla ya kunikata kipande waliniambia huenda ndani yake mna virusi, na sasa wamehakikisha. Vinaenea kwa mate. Mate, Nambooze! Nami nimekubusu karibu mwaka mzima. Nitakuua."

Ugonjwa Nambooze aliujua. Kwamba alikimbiwa kwa ajili ya mate, hilo hakulijua. Akacheka, machozi yakamtoka, akampiga kofi la bega.

"Miezi miwili nalia kwa sababu ya mate? Utotoni nani alikulisha?"

"Bibi."

"Vipi?"

"Anatafuna matoke kwanza, ananitia mdomoni."

"Na wangu hivyo hivyo! Virusi hivyo karibu kila mtu anavyo tangu utotoni. Mimi ninavyo, shangazi anavyo, tunaishi navyo. Kwako kinga imelemewa, wala si kosa la bibi."

"Kwa hiyo sikukuambukiza?"

"Upweke tu."

Kiggundu akaketi taratibu. "Nitapona?"

"Dawa zipo. Wengi wanapona, wengine hapana. Sikudanganyi, mpenzi. Naogopa."

Kikombe chake kilikuwa juu ya cherehani, chai nusu, imepoa. Nambooze akakichukua akainywa yote huku mwenye kikombe akimtazama. Kiggundu akafungua mtoto wa meza, akatoa kanzu yake mwenyewe: kola imetariziwa nusu, sindano ingali imechomekwa.

"Mpigie shangazi."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie bwana harusi atakuja na kipara cha dawa."

Nambooze akapiga. Shangazi alipoitika, Nambooze akampa Kiggundu simu aseme mwenyewe.