Mizinga Mitupu ya Krispini

Mwaka ule wa hamsini na sita, asubuhi za kijiji cha Mwamkulu zilikuwa za amani. Wanawake walishuka kisimani na mitungi, nyuki walitua ukingoni kunywa maji, na miyombo mirefu ilitia kivuli hata jua la saa sita lilipowaka. Dafrosa, binti Krispini, aliwaongoza vijana wenzake kila Jumapili baada ya misa, wakapanda miche ya mikuyu kukizunguka kisima chote. Maji yalikuwa yameanza kupungua, na wazee walikuwa hawafanyi lolote ila kutikisa vichwa.

Amani hiyo, ndugu zangu, haikumaliza hata masika. Siku moja Dafrosa alisikia shoka kisimani. Akamkuta baba yake anabandua gome la myombo, taratibu, litoke zima kama mkono wa shati. Krispini alikuwa mrina asali, na mizinga yake aliitengeneza kwa magome. Mti ukishachunwa gome pande zote hukauka, na hilo watu wote wa huko walilijua. Yeye alilijua kuliko wote.

"Baba! Na huu tena?"

"Umenyooka, mwanangu. Gome lake halina fundo."

"Porini si kuna miti kibao?"

"Porini mbali. Mgongo unaniuma."

Mgongo! Mgongo huohuo uliokwea miti hadi kileleni kutundika mizinga. Dafrosa alimeza hasira, akasema kwa upole ambao hakuwa nao, "Miche yetu inaishi kwa kivuli cha miti hii. Nakuomba huu uwe wa mwisho."

"Haya, wa mwisho."

Wiki iliyofuata akachuna mwingine. Huo nao ukawa wa mwisho, na uliofuata pia. Evarist, kijana wa jirani, alizungushia mashina miiba. Krispini akaisogeza kwa mguu, akaendelea na kazi yake huku akipiga mluzi.

Mkewe, Emerensiana, akamfokea, "Nyie wanaume hamchoti maji, ndiyo maana mnafanya mchezo!"

"Mama Dafrosa, maji yako chini ya ardhi. Miti iko juu. Vinahusiana nini? Hao watoto wanacheza na vijiti."

Jamani, mtu wa namna hii utamwambia nini?

Kiangazi kilipoingia, miyombo ilisimama mikavu, haina jani. Jua likapiga moja kwa moja kwenye miche na kwenye maji. Vijana walimwagilia asubuhi na jioni mpaka kisima chenyewe kikabaki tope, na mikuyu ikanyauka mmoja baada ya mwingine. Emerensiana akaanza kuamka alfajiri kufuata maji mtoni, akirudi jua limeshapanda na shingo imekakamaa. Dafrosa alilia kwa uchungu, halafu akakasirika kwa sababu amelia.

Krispini hakushtuka. Alikuwa ametundika mizinga mipya mingi, ameipaka nta ndani ili kuwavuta nyuki, akangoja. Akangoja sana. Hakuingia nyuki hata mmoja. Mizinga ya zamani nayo ikanyamaza. Alipoifungua alikuta masega makavu, maana nyuki wasio na maji huhama, wala hawaagi.

Jioni ile alirudi mikono mitupu, akakaa kizingitini. "Wamekwenda," alisema. "Wote."

Dafrosa alikuwa anapepeta mahindi. Hakuinua macho. "Walikuwa wanakunywa kisimani, Baba. Ulikuwa unawaona kila siku."

Mzee akauliza kwa sauti ndogo, "Masika yakija, mtapanda tena?"

"Tutapanda."

"Nije nichimbe mashimo?"

"Mashimo tutachimba wenyewe." Dafrosa akainuka, akautwaa mtungi wa mama yake, akamwekea miguuni. "Wewe nenda mtoni. Ipo miche mitatu bado haijafa."

Krispini aliutazama ule mtungi, chombo ambacho hakuwahi kukibeba maishani. Majirani walikuwa wanaangalia. Akajitwika, akashika njia.

FUNZO

Ndugu msomaji, vijana wakipanda mti, usiwacheke wala usiwaambie wanacheza. Na wewe unayekula kutokana na msitu, acha kusema "huu wa mwisho." Wa mwisho ungekuwa ule wa kwanza. Krispini alibeba maji kwa miaka mingi baada ya hapo, na mikuyu mitatu ikapona. Lakini asali ya Mwamkulu hakuionja tena.