Viatu vya Delmi

Delmi alikatwa miguu mchana kweupe, na hakutoka hata tone la damu. Alikuwa mchoro wa mtoto. Alisimama na wenzake hamsini kwenye ukuta wa jumba la mikutano la mji wa Santa Rita la Loma, wote watu waliouawa au kupotea vitani. Jumanne asubuhi alikuwa na viatu vyekundu. Jumatano palibaki plasta iliyochimbika.

Inspekta Maura Chicas alichuchumaa mbele ya ukuta na kutoa kioo cha kukuzia. Udadisi ndio uliomwingiza upolisi, na mama yake alisema ndio utakaomfukuzisha.

"Kazi ya Lencho hiyo," alisema Nolasco, mwenyekiti wa kamati ya mchoro. "Kikulacho ki nguoni mwako, afande. Mwanajeshi huyu! Tumempa brashi, katugeuka."

"Ulimwona?"

"Nimwone kwani mimi mlinzi? Kila mtu anajua. Jumamosi tunazindua. Usipomkamata, watu watamtoa mjini wenyewe."

Lencho alikuwa ameketi ngazini, mtu wa miaka arobaini na mitano mwenye mvi za mtu wa sitini. Jeshi lile lile lililowaua watu wa mji huu lilimshusha kwenye basi akiwa na miaka kumi na saba, likamvika magwanda bila kumuuliza. Vita viliisha, yeye akarudi nyumbani, na mji ukamnunia mpaka mwaka huu ulipomruhusu kuchora pamoja na wengine.

"Jana saa saba mchana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Na kuku, afande."

"Kuku hawatoi ushahidi."

"Na mimi nikitoa, nani ataniamini?"

Saa saba mji mzima ulikuwa uwanjani, ukicheza mpira na wageni wachoraji kutoka Ireland Kaskazini. Ukutani hapakuwa na mtu.

"Nani alimchora mtoto huyu?"

"Mama yake, Bi Tránsito. Ila siku ile mgongo ulimkaza, asiweze hata kuketi, miguu akaniachia mimi. Nikamvika viatu. Niliona ametembea pekupeku vya kutosha. Watu walinipigia makofi, afande. Mimi!"

Nuala, mkubwa wa wageni, alisogea na Kihispania chake cha kubabaisha. "Kwetu nako tulipigana, na kuta tunazo. Mtu akimchukia aliyechorwa, anaharibu uso. Kila mara uso. Sijaona mtu anayechukia viatu."

Maneno hayo yalimkaa Maura kichwani. Alirudi kwenye kioo chake. Uso wa Delmi ulikuwa salama, hata vumbi umefutwa. Pale miguuni plasta haikuvunjwa kwa hasira. Ilidonolewa, vitobo vidogo vidogo, mstari chini ya mstari. Kabla ya hapo mtu alijaribu kuisugua kwa maji ya jivu, maana michirizi ilikuwa imekauka hapo. Na kwenye vumbi palikuwa na alama tatu za miguu ya kigoda.

Aliyefanya hivi alikuwa ameketi. Na vitobo vile Maura alivijua tangu utotoni: bibi yake alivipiga kwenye jiwe la kusagia kila lilipolainika, ili liume tena.

"Nolasco, mji huu nani bado anasaga mahindi kwa jiwe?"

"Siku hizi? Wote tunapeleka mashineni. Labda Bi Tránsito, anasema mashine inaua ladha. Kwa nini?"

Maura alikuwa ameshashika njia ya kwa Bi Tránsito.

Bi Tránsito alikuwa jikoni, ameketi kwenye kigoda cha miguu mitatu, jiwe la kusagia limeegeshwa ukutani.

"Karibu, mwanangu. Ule kwanza."

"Nitakula, mama." Maura aliokota kijiwe chenye ncha kando ya jiko na kukigeuza kwenye mwanga. "Mahindi yako siku hizi yana rangi nyekundu?"

Mama alikitazama kijiwe, kisha akajifuta mikono polepole.

"Ni mimi."

"Kwa nini? Mwanao mwenyewe?"

"Delmi hakuwahi kuvaa viatu. Alikuwa na miaka minne. Nilijificha kwenye mkonge nikawaona askari wakimpandisha helikopta, yu hai, analia. Wanasema watoto waliochukuliwa hivyo waligawiwa watu, wengine wakapelekwa ng'ambo. Sasa wageni watapiga picha ukuta ule, watakwenda nazo makwao. Huenda akaziona."

"Si atajitambua kwa uso?"

Bi Tránsito alitikisa kichwa.

"Uso nimeusahau, afande. Picha yake hatukuwa nayo hata moja. Ule niliochora ni wa mtoto wa jirani. Lakini miguu sijaisahau. Kidole chake cha mwisho, mguu wa kushoto, kimepanda juu ya mwenzake. Ndiyo alama pekee niliyobaki nayo, na Lencho akaifunika kwa kiatu."

Maura alikirudisha kijiwe kando ya jiko.

"Ungemwambia tu Lencho."

"Hukumwona alivyolia siku ya makofi yale. Ningemwambia nini?"

"Na walipomsingizia?"

"Nilinyamaza." Mama aliinamisha kichwa. "Hilo ndilo kosa langu. Nitalisema mbele yao wote."

Alilisema jioni ile ile, mbele ya ukuta, bila kujitetea. Nolasco alivua kofia na kumwomba Lencho radhi kwa sauti ya kusikika. Lencho alichukua ndoo. Alikwenda kukoroga plasta.

Ijumaa, plasta ilipokauka, alisimama na brashi mkononi asijue aanzie wapi.

"Sijawahi kukiona kidole hicho, mama."

Bi Tránsito aliweka kigoda chake chini ya ukuta, akaketi, akavua kiatu cha kushoto. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake.

"Alikirithi kwangu," alisema.

Lencho alipiga magoti mbele ya mguu ule. Maura alifungua daftari, akafuta jina la mtuhumiwa, akaandika la mtoto: Delmi, miaka minne, na alama ya mguu.

"Usikitingishe, mama," alisema Lencho.

"Sikitingishi. Nimengoja miaka ishirini na sita, nitashindwa na nusu saa?"